Mguu Unaobisha Hodi

Mtu akiishi na vioo miaka ishirini, hata chafya yake huomba ruhusa kwanza. Ndivyo alivyokuwa fundi vioo mmoja ambaye mtaa mzima ulimwita Taratibu. Jina lake la kweli lilibaki kwa mama yake na kwenye kitambulisho. Hakulichukia lile la mtaani, maana alilipata kihalali. Kila alipobeba kioo na mdogo wake, mmoja mbele mmoja nyuma, neno lililomtoka lilikuwa hilo hilo: taratibu kizingitini, taratibu kwenye kona, taratibu hapo pana jiwe. Milango aliifunga kwa viganja viwili. Kikombe alikiweka mezani kama anayelaza kichanga. Nyumbani alishuka ngazi kimya hivi kwamba jirani wa chini aliwahi kumuuliza mama yake kama binti amehama.

Karakana yao ilikuwa chumba kirefu chenye harufu ya mafuta ya taa, yale ya kulowekea kigurudumu cha kukatia. Vioo vilisimama wima ubavuni mwa ukuta, vimetenganishwa na vipande vya zulia kuukuu. Lori zito likipita barabarani, vioo vyote viliimba kwa sauti nyembamba, na hapo dada na mdogo wake waliganda, mikono hewani, wakisubiri wimbo uishe. Mtu mgeni angeingia wakati huo angedhani wanasali.

"Mimi nilidhani naolewa kwenye familia," alikuwa akisema wifi yake, mke wa huyo mdogo wake, msusi mwenye mdomo usiojua likizo. "Kumbe nimeolewa jumba la makumbusho. Usiguse, usiegemee, usicheke kwa nguvu!"

Taratibu alikuwa anakaribia arobaini. Hakuwa na shida kubwa ya kulilia. Alikuwa tu na hamu moja iliyomkaa kooni kama mwiba wa samaki: alitaka kitu kimoja maishani ambacho hakihusiani na kioo. Kimoja tu, chake, kitakachomtoa jasho la furaha. Kitu gani, hakujua.

Jibu lilikuja kwa njia ya kazi, kama majibu yake yote. Aliitwa kubadilisha kioo kwenye ghala moja la zamani lililogeuzwa ukumbi wa mazoezi. Mwanafunzi alirusha fimbo, fimbo ikaona dirisha. Taratibu alipokuwa juu ya ngazi akipima, macho yake yakatua kwenye tangazo lililobandikwa mlangoni: sanaa tatu za kupigana za jadi ya Kichina, walimu watatu, wiki moja ya kuonja kwa wanaoanza. Onja zote, Jumamosi useme unataka ipi, na mwalimu wa hiyo aseme kama anakutaka. Ukishapanga mstari mmoja, huo ndio wako mwaka mzima. Na mlango wa wanaoanza ulifunguliwa mara moja tu kwa mwaka.

Alishuka ngazi na moyo ukimdunda kama wa msichana aliyepokea ujumbe.

"Wifi," alisema jioni kwenye saluni, "nisindikize."

"Wapi?"

"Kupigana."

Wifi alisimamisha msuko katikati ya kichwa cha mteja. "Nani kakuudhi? Nitajie tu, usijisumbue mwenyewe."

Jumatatu walianza na sanaa iitwayo Taiji. Mwalimu wake alikuwa mkunga mstaafu, mama mwembamba mwenye sauti ya kubembeleza, na wanafunzi wake walimwita Mama kwa heshima zote. Walisogea polepole mno, uzito ukihama kutoka mguu huu kwenda ule kama maji kwenye beseni, mikono ikielea. Wifi alipiga miayo mitatu kabla hawajageuka upande wa pili. Taratibu, lo! Alisogea kama aliyezaliwa mle. Goti lilijua pa kukaa, bega lilijua pa kushuka. Lilipokuja zoezi la kusukumana mikono kwa wawili, kila aliyemsukuma alijikuta amesukuma hewa. Alikuwa akigeuka ubavu kidogo tu, na mtu anapita.

Mama alimshika kiwiko, akakipapasa kama anayekagua kitambaa dukani. "Mwanangu, nani alikufundisha?"

"Hakuna, Mama. Nabeba vioo. Upepo ukija unageuka nao, la sivyo kioo kinakukata."

"Basi kazi yangu imekwisha kabla sijaianza!" Mama alipiga makofi, na ukumbi mzima ukapiga naye. "Jumamosi usiende kwingine, unasikia? Nimekuona mimi."

Njiani Wifi hakunyamaza. "Umepata, wifi yangu! Siku moja tu, wenzako wanakupigia makofi. Mimi nimepigiwa mluzi nilipolala."

"Nimepata, ndiyo."

"Mbona unasema kama aliyepakuliwa kiporo?"

"Ni nzuri sana, wifi. Ila muda wote nilijihisi niko kazini."

Jumanne ilikuwa zamu ya ngumi ndefu. Kijana aliyeifundisha alionekana kama mifupa yake ameiazima na hana mpango wa kuirudisha ikiwa mizima: aliruka, akazunguka hewani, akatua kwa mguu mmoja huku anacheka. Mikono ilinyooka mbali, mateke yalipanda juu ya kichwa. Taratibu alicheka mpaka mbavu zikamuuma. Alirusha teke lake, likapanda kuliko alivyotarajia, na alipotua alitua kwa ncha za vidole kama paka anayeiba mboga.

"Teke zuri, dada!" kijana alimwambia. "Limepita kila mahali, halijagusa chochote."

Alifurahi, hata hivyo. Usiku ule mapaja yalimwaka moto na hakuacha kutabasamu. Kama wiki ingeishia hapo, huenda angechagua miruko, na hadithi hii ingekuwa fupi na yenye bandeji nyingi.

Jumatano ikafika.

Sanaa ya tatu iliitwa Baji. Mwalimu wake alikuwa fundi wa breki za malori, mfupi, mpana, mwenye shingo kama kisiki, na maneno aliyatoa kwa ubahili. "Hii ni ngumi ya karibu," alisema. "Kiwiko, bega, nyonga. Unaingia mpaka kifuani kwa mtu. Nguvu haitoki mkononi. Inatoka sakafuni." Halafu akaingia hatua moja, mwili wote ukashuka kwa pamoja, kiwiko kikatoka, na mguu ukafika chini.

Paa!

Watu wengine walisikia mguu. Taratibu alisikia madirisha. Vioo vyote vya ghala vililia ndani ya fremu zake, kuanzia kile cha mlangoni mpaka kile cha mwisho kule kwenye kona, na nywele za mikono yake zikasimama dede. Alijua sauti ile. Ndiyo iliyomgandisha maisha yake yote. Lakini safari hii halikuwa lori wala upepo. Alikuwa mtu mzima na akili zake timamu aliyeamua kuitikisa dunia, akaitikisa, na hakuna aliyemwambia taratibu. Wanafunzi wake walimwinamia kichwa kwa shukrani!

Moyo wa Taratibu ukapiga kelele: hiki! Hiki hapa!

Zamu yake ilipofika alisimama, akashuka, akaingia hatua. Kiwiko kilitoka vizuri tu. Mguu ukapanda kwa ari zote, na ulipobakiza upana wa kidole kufika chini, ukasita, ukatua. Haukutoa hata mlio wa kandambili.

"Tena," alisema mwalimu.

Alirudia. Ukatua kama jani.

"Tena."

Mwalimu alimtazama mguu, akamtazama uso, akautazama mguu tena. "Dada, mguu wako unabisha hodi. Unabisha, halafu unasubiri ukaribishwe."

Ukumbi uliangua kicheko. Taratibu naye alicheka, ingawa masikio yalikuwa ya moto.

"Na wewe?" mwalimu alimgeukia Wifi, aliyekuwa ameegemea ukuta.

"Mimi nimesindikiza tu, baba."

"Jaribu hivyo hivyo."

Wifi alivuta pumzi, akamkumbuka mteja mmoja aliyefumua msuko siku ya pili akadai hakuupenda, akaingia hatua. Paa! Vumbi liliruka. Mwalimu wa Baji, kwa mara ya kwanza siku hiyo, alionyesha meno. "Huyu anaingia."

"Aingie nani? Nina watu saluni mimi!"

Darasa lilipoisha mwalimu alimvuta Taratibu pembeni. Hakuwa mkali. "Nenda kwa Mama wa Taiji. Anakutaka, kila mtu anajua. Huku utaumia bure, maana anayejizuia katikati ya pigo huliumiza goti lake mwenyewe."

"Mwalimu, mimi nataka huku."

"Kwa nini? Kule unaweza."

"Ndiyo sababu."

Mwalimu alikuna kidevu. "Haya. Jumamosi nionyeshe mguu mmoja uliokamilika. Mmoja tu. Ukiuonyesha, nimekuchukua. Ukibisha hodi, nitakushika mkono nikupeleke kwa Mama mimi mwenyewe, na tusilaumiane."

Alhamisi asubuhi Taratibu aliingia karakanani, akatazama kushoto, akatazama kulia, akapiga mguu chini. Tuseme alijaribu: ulitoka mlio mdogo kama wa kitabu kilichoanguka, lakini ulitosha. Vioo viliimba kwa pamoja. Mdogo wake, aliyekuwa ameinamia meza akivuta mstari wa kukata, aliruka kama aliyemwagiwa maji ya baridi, na mstari ukaenda ulikotaka.

"Dada! Umerogwa?"

"Nafanya mazoezi."

"Mazoezi ya kutuvunja? Toka nje! Toka kabisa! Baba angekuona leo!"

Akatoka nje. Kwenye njia ya miguu mbele ya duka alijaribu tena, mara hii kwa kiwiko chake na kila kitu. Mzee mmoja aliyekuwa akipita alisimama kwa huruma. "Umempata?"

"Nani, mzee?"

"Mende."

Nyumbani nako hakukuwa na nafuu. Mguu wa kwanza tu, jirani wa chini aligonga dari kwa mpini wa ufagio, na mama yake akachungulia kutoka jikoni. "Mwanangu, kama ni tumbo sema tu." Taratibu alikaa kitandani akacheka peke yake kama kichaa. Alikuwa amegundua jambo la ajabu: katika maisha yake yote, kuanzia kitanda mpaka karakana, hapakuwa na hata kipande cha sakafu kilichotengenezwa kwa ajili ya kukanyagwa.

Kwa fundi, hata hivyo, kila tatizo lina mahali limelegea. Mchana alikuwa saluni kwa Wifi na jibu mkononi.

"Ni yale madirisha."

"Madirisha yamefanya nini tena?"

"Ya ukumbini. Yamelegea, wifi! Puti ya kushikia vioo imekauka, imepasuka, vioo vinacheza ndani ya fremu. Nikiinua mguu tu, sikio linakwenda kule. Nawaza, nikipiga hapa, kile cha kona kinashuka kumkata mtu. Mguu unajua, ndiyo maana unakataa."

"Mguu unajua!" Wifi alimgeukia mteja wake kwenye kioo. "Umesikia, dada? Mguu umesomea. Wifi yangu, asiyejua kucheza husema uwanja una mabonde."

"Nitausawazisha uwanja. Halafu uone."

Na akausawazisha. Ijumaa alimburuta mdogo wake, wakafika ukumbini na ngazi, patasi na mkoba wa vifaa. Mdogo mtu alinung'unika njia nzima. "Kazi za watu zimelala mezani, sisi tunakwenda kutengenezea mguu madirisha. Nikiulizwa nitasema nini?"

"Sema dada yako anaanza kupigana. Wataogopa kuuliza."

Walichokonoa puti ya kale iliyogeuka unga. Mpya hawakutia, kwa sababu puti huchukua siku nyingi kukauka na yeye alikuwa na siku moja. Walilaza ukanda wa mpira kuzunguka kioo, wakakibana kwa vijiti vya mbao, wakapigilia misumari midogo huku nyundo ikiteleza juu ya kioo chenyewe, ubavu kwa ubavu, kama mtoto anayesukuma kigari. Kwenye dirisha la kona mbao ilikuwa imeoza juu. Pale alitumia misumari mirefu na akakaa muda kuliko kote. Kila alipomaliza dirisha aliligonga kwa fundo la kidole. Kabla ya kazi vioo vilijibu kwa kukoroma. Sasa vilijibu tup, basi.

Chini, darasa la Taiji lilikuwa likiendelea, na Mama aliinua macho yaliyojaa mapenzi. "Mwanangu, hata hujaanza umeshatutengenezea nyumba! Jamani, tazameni hii mikono. Haina haraka. Huyu ni wetu."

Taratibu juu ya ngazi alijibu, "Ahsante, Mama," na uongo ule ukamwasha kuliko vumbi la puti.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Walioanza walipanga mstari, kila mmoja akataja alichochagua. Wengi walikwenda kwenye miruko, kama ilivyotarajiwa. Ujana hauogopi bandeji. Mama wa Taiji alikuwa ameshaacha nafasi moja mbele kabisa, karibu naye, na kila mtu alijua ni ya nani. Mdogo wake Taratibu alisimama mlangoni, mikono kifuani, akitazama misumari yake. Wifi alikuwa tayari kwenye mstari wa Baji. Alisema amekuja kuaga, lakini alikuja amefunga kitambaa kichwani kama mtu wa vita.

"Fundi vioo," aliita mwalimu wa Baji. "Unataka wapi?"

"Kwako, mwalimu."

Mama alishika kifua. Minong'ono ikapita.

"Haya. Mguu mmoja."

Taratibu aliingia katikati. Madirisha yalikuwa imara, alijua, aliyafunga mwenyewe. Alishuka, akavuta pumzi, akaingia hatua, kiwiko kikatoka, na mguu ukapanda, ukaja, ukakaribia, ukasita.

Ukatua kama jani.

Hakuna kioo kilicholia, hakuna mbao iliyocheza. Hakubaki wa kumsingizia.

"Leo ni dirisha gani?" aliuliza mwalimu. Bila shaka Wifi alikuwa ameshaeneza habari. Kicheko kilipanda mpaka darini, na Mama akanyoosha mkono wake kwa upole. "Njoo, mwanangu. Si aibu. Njoo huku unakojulikana."

Mwalimu wa Baji alikuwa tayari amepiga hatua ya kumshika mkono. Taratibu aliinua macho ili machozi yasishuke, na macho yakaangukia dirisha la kona.

Lile lenye mbao iliyooza.

Aliligonga kwa kidole jana, ndiyo, likasema tup. Lakini kidole ni kidole. Kidole si lori. Na fundi yeyote anayestahili nyundo yake anajua kwamba kazi ambayo haijatikiswa bado haijaisha. Je, misumari ile imeshika? Angewaachia watu dirisha la kona bila kujua? Swali lilimkamata shingoni, likamsahaulisha mwalimu, Mama, kiwiko, machozi, kila kitu. Alitaka kujua, na alitaka kujua sasa hivi.

Akainua mguu, akauangusha na uzito wote wa mwili wake.

PAA!

Vumbi lilishuka kutoka kwenye boriti. Mtoto wa mtu alipiga yowe. Taratibu alikuwa ameshatega sikio kuelekea kona, mdomo wazi, mkono hewani.

Tup. Basi.

"Imeshika!" alipaza sauti. "Mdogo wangu, imeshika!"

"Nilikwambia misumari mirefu!" alijibu mdogo wake kutoka mlangoni, mikono yote juu.

"Hebu nione na lile la katikati." Akaingia hatua nyingine, na safari hii kiwiko kilitoka chenyewe bila kuitwa. PAA! "Imeshika! Na lile la mlangoni..." PAA! Sakafu ilimjibu mpaka kwenye meno, na utamu wa jibu hilo ulimpanda mgongoni kama soda iliyotikiswa. Miaka ishirini ya kuomba radhi ilikuwa ikimtokea kisiginoni.

"Dada," alisema mwalimu. "Dada! Tosha, utatufikisha kwa jirani." Alikuwa anacheka, shingo ile yote ya kisiki ikitikisika. "Umefanya nini hapo?"

"Nimekagua kazi, mwalimu."

"Na mguu?"

Taratibu alitazama chini, kama aliyeulizwa habari za mtu asiyekuwepo. "Mguu... sikuuangalia."

"Usiuangalie tena." Akaonyesha kwa kidevu mstari wake, pembeni mwa Wifi. "Ingia."

"Nimeporwa!" alilalamika Mama wa Taiji. "Nimeporwa mchana kweupe, na watu wanashuhudia!" Lakini alipiga makofi, akampigia na kigelegele kimoja kirefu.

Wifi alimpokea kwa kiwiko cha mbavuni. "Wifi, umenitisha mpaka mimi niliyezoea mama mkwe. Sasa tunapigana na nani?"

Hakukuwa na wa kupigana naye. Mwalimu aliwaambia watanue miguu, wakunje magoti, wakae hewani kama waliopanda farasi asiyeonekana, na wabaki hapo. Basi, hilo ndilo somo. Haukupita muda mapaja yakaanza kutetemeka mstari mzima. Mwanamume mmoja mwenye mabega makubwa alianza kutaja jina la Mungu. Wifi alitaja majina mengine. Jasho lilimchuruzika Taratibu kwenye macho, kisigino cha kulia kikiwaka moto, magoti yakigongana hadharani, na uso wake ulikuwa umepasuka kwa tabasamu ambalo hakuweza kulikunja.

Mwalimu alipita nyuma yake, akamwekea viganja mabegani, akambonyeza.

"Chini zaidi."

"Mwalimu, yanatetemeka!"

"Yaache yatetemeke."

Taratibu akashuka zaidi, akayaacha.